Maoni: Mlango wa motokari ukivuja, ni kahawa yetu inalowana



Katika mikutano yetu tunaongea bei ya kahawa, mbegu, mbolea na madeni. Motokari ya koperative tunaiongea siku moja tu: siku imekufa njiani. Hapo kila mtu anauliza habari ya moteri, ya fureni, ya magurudumu. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao hausimamishi motokari, na kwa sababu hiyo hakuna mtu anaushughulikia. Ni milango inayoingiza maji.

Maoni yetu ni haya. Kila koperative yenye Land Cruiser, Land Rover au jipe ingine ya njia mbaya inapashwa kutengeneza milango yake mbele ya mvua za mwezi wa 9, kwa makuta ya koperative yenyewe. Na hasara ya gunia lililolowana ndani ya motokari isiwekwe tena juu ya mkulima wala juu ya shofere.

Maji kidogo, hasara kubwa

Kila mtu aliyekausha kahawa anajua jasho lake. Kahawa ya parche inaanikwa juu ya meza siku nyingi, inageuzwa, inafunikwa wakati wa jua kali na wakati wa mvua, paka inafika kwenye unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Kakao inapashwa kushuka zaidi, paka asilimia 7 au 8. Kazi hiyo ni ya mama, ya baba na ya watoto. Kisha gunia linapandishwa ndani ya motokari, linawekwa karibu na mlango wa nyuma, na safari ya saa ine ndani ya mvua inaharibu kazi ya wiki mbili.

Gunia halilowani kwa juu, mahali macho yanaona. Linakunywa maji kwa chini, kutoka kwenye bati la motokari. Kwa juu unagusa, unaona iko kavu. Kwa chini kahawa imebadilika rangi, na nyuma ya siku chache ukungu unaanza. Gunia hilo likilala ndani ya depo katikati ya mengine, linayapa jirani unyevu na harufu. Mnunuzi hataonja gunia moja peke yake. Ataonja sampuli iliyochanganywa, na harufu ya ukungu itashusha bei ya mzigo muzima.

Haiko kahawa tu. Mbegu ya maharagi ikilowana inaanza kuota ndani ya gunia, ao inaoza. Ire inavuta maji, inashikamana na kuwa kama jiwe. Kitabu cha kupimia na risiti za wanamemba vinakaa kila mara chini ya kiti cha mbele, mahali maji yanakusanyika.

Motokari yenyewe inaumia pia. Maji yanaingia chini ya zulia, na hapo hayaoni jua. Bati linakula kutu kwa ndani, na siku shofere anaondoa zulia anaona barabara kupitia tundu. Waya za umeme zinazopita chini zinaoza kwenye viungo, na fundi anatafuta siku mbili sababu ya taa kuzimika. Mpira wa mlango ungemaliza matata hayo yote kwa bei ndogo sana kuliko kuchomelea bati mpya.

Nani analipa?

Hapa njo penye uchungu. Gunia lilipimwa kijijini likiwa kavu. Mkulima alipewa risiti. Likifika depo, mtu wa depo anagusa, anasema: "Hii iko na maji, sipokei." Kahawa inarudishwa kwa mkulima, ao anakatwa kilo. Mahali pengine makuta yanakatwa kwenye mshahara wa shofere. Mahali pengine hakuna anayeandika kitu, hasara inamezwa na koperative, na mwisho wa mwaka tunashangaa juu ya nini faida ni ndogo.

Tuseme wazi. Koperative ikiisha kupima gunia na kutoa risiti, gunia hilo ni la koperative. Mkulima amemaliza kazi yake. Kumkata kilo juu ya mlango ambao yeye hakuufunga wala hakuununua ni kumlipisha deni la mtu mwingine. Mkulima aliyefanyiwa hivyo mara mbili hatalalamika kwenye mkutano. Atapeleka kahawa yake kwa mchuuzi wa barabarani, na koperative itabaki na motokari bila mzigo.

Shofere naye, tumuhukumu kwa haki. Kama aliacha dirisha wazi, ao alifunga mlango nusu, alipe. Lakini kama alisema tangu mwezi wa 3 kwamba mpira umepasuka, na jeranti akamujibu "tutaona", kosa haliko la shofere tena. Shida ni kwamba alisema kwa mdomo. Neno la mdomo linapotea, neno la kitabu linabaki. Kwa hiyo kila motokari iwe na kadaftari: tarehe, nini kimeharibika, nani aliambiwa, siku gani kilitengenezwa. Kamati ya uangalizi, ambayo sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya koperative inataka iwepo, isikague sanduku la makuta tu. Ikague na kadaftari hako.

Majibu kwa wanaosema hapana

Wa kwanza wanasema: "Njia iko mubaya, motokari itavuja tu. Tufanye je?" Ni kweli njia zetu ni mbaya, na anayesafiri kati ya Bukavu na Kalehe, ao milimani ya Masisi na Lubero, hahitaji mtu wa kumufundisha. Lakini njia mbaya haipasui mpira kwa uchawi. Inatikisa mlango, bulo za bawaba zinalegea, mlango unashuka kidogo, mpira unaacha kukandamizwa kwa upande mmoja. Hiyo ni sababu ya kukaza bulo mara kwa mara. Shamba likiwa na mteremko, hatuachi kulima. Tunachimba mitaro ya kushika udongo.

Wa pili wanasema: "Tungoje, mradi utatupa motokari mpya." Sisi tunaoandika gazeti hili tunafanya kazi na mashirika ya misaada, kwa hiyo tunaweza kulisema bila kuogopa: motokari mpya nayo ina mipira ileile, na jua la miaka michache litaikausha vilevile. Koperative ambayo haikuweza kutunza mlango wa motokari nzee haitatunza wa motokari mpya. Na mufadhili anayekuja kutembelea hukaa ndani ya motokari hiyo. Akiona maji yanachezacheza chini ya miguu yake, ataandika nini kwenye ripoti yake?

Wa tatu wanasema: "Bashi inatosha." Bashi ni nzuri kwa pikapu, kwa mvua ya juu. Lakini maji ya mlango yanatoka upande na chini. Ukizungushia magunia bashi ndani ya motokari iliyofungwa, wakati bati la chini lina maji, umeyafungia magunia pamoja na unyevu. Bashi itumike, na chini yake viwekwe vipande vya mbao ili gunia lisiguse bati. Lakini hiyo ni kusaidia, haiko dawa.

Kutafuta mbele ya kuziba

Makosa makubwa tunayoona ni kununua chupa ya mastiki na kuipaka popote penye maji. Maji yanaonekana mahali pamoja, yanaingia mahali pengine. Kuna kazi ndogo za kufanya, na hazidai garaji kubwa.

Kwanza, soma vumbi. Kati ya mwezi wa 6 na wa 8 mvua ni kidogo, lakini kuna vumbi, na vumbi linapita mahali maji yatapita. Fungua mlango nyuma ya safari ndefu, usipanguse kitu. Ukiona mstari wa vumbi umevuka mpira na kuingia ndani, hapo njo tundu. Chora alama kwa chaki.

Pili, jaribu kwa karatasi. Weka kipande cha karatasi kati ya mpira na mwimo, funga mlango, kisha kivute. Kikigoma, mpira unakaza. Kikitoka bila nguvu, hapo mlango haukandamizi. Zunguka mlango muzima hivyo, hasa pembe za chini na upande wa juu nyuma.

Tatu, nyanyua mlango. Ufungue nusu, shika mwisho wake, unyanyue juu. Ukicheza, bawaba zimelegea ao pini zimekwisha. Mpira mpya juu ya mlango unaocheza ni makuta ya kutupa. Kaza ao badilisha bawaba kwanza. Kisha angalia kile chuma cha kwenye mwimo ambacho kufuli linakishika. Bulo zake zinaweza kulegezwa, chuma kikasogezwa ndani kidogo, na mlango ukafunga kwa kukaza zaidi. Mara nyingi kazi inaishia hapo, bila kununua kitu.

Ine, mwaga maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, zulia limeondolewa. Mwingine amwage maji polepole kwa nje na kile chombo tunachomwagilia miche. Muanze chini, mupande kidogo kidogo: kizingiti, ubavu wa mlango, dirisha, kisha mfereji wa paa. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingia wapi. Mara nyingi utakuta mlango hauna kosa: maji yanatoka kwenye ufa wa mfereji wa paa, ao kwenye mpira wa kioo cha mbele, yanashuka ndani ya nguzo, yanatokea miguuni.

Tano, angalia chini. Kwenye bati la sakafu kuna matundu yenye vifuniko vya mpira. Kifuniko kimoja kikipotea, kila dimbwi na kila mto unaingia ndani, na watu wanalaumu mlango. Tukumbuke pia kwamba mpira wa mlango ulitengenezwa kwa kuzuia mvua na vumbi. Ukivuka mto wenye maji yanayopita kizingiti, maji yataingia hata ukiwa na mpira mpya. Hapo kazi ni kutoa magunia mbele ya kuvuka, na kukausha sakafu nyuma ya kuvuka.

Mlango lazima upumue maji

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: maji kuingia ndani ya mlango wenyewe ni kawaida. Mvua inateremka kwenye kioo, sehemu yake inapita kwenye ule mwanya kioo kinamoingilia, inashuka ndani ya mlango kati ya mabati mawili, kisha inatoka chini kwa matundu madogo. Matundu hayo ni kama mtaro wa shamba. Matope yakiyaziba, mlango unajaa maji kama bidoni. Ukifunga mlango na kusikia maji yanachezacheza ndani, ujue ni hivyo. Kisha maji yanamwagika upande wa ndani, na mlango unaoza kutoka chini.

Chukua waya laini ao kijiti, safisha matundu hayo kila mwezi. Na kamwe usiyazibe na mastiki. Kuna mafundi wanaofanya hivyo kwa nia nzuri, "ili maji yasipite". Wamefunga mlango wa kutokea, wameacha ule wa kuingilia.

Tena, nyuma ya ubao wa ndani wa mlango kuna plastiki iliyobandikwa. Kazi yake ni kurudisha maji ndani ya mlango ili yatoke kwa matundu ya chini. Fundi akitengeneza kioo, anaipasua, na mara nyingi hairudishi. Toka siku hiyo maji yanapita nyuma ya ubao yanaingia sakafuni, na hata ukinunua mpira wa dola mingi hautasaidia. Kata plastiki nzito, kama ile ya kufunika kitalu, ibandike vizuri pande zote, na ukingo wake wa chini uuingize ndani ya mlango, usiuache nje. Maji yatashuka juu yake na kurudi mahali pake.

Kuweka mpira mpya

Ukiona mpira umekuwa mgumu kama mti, umelala bila kurudi, ao umepasuka kwenye pembe, ubadilishe. Kwenye masoko ya Goma, Bukavu na Butembo utapata mipira ya kila namna. Beba kipande cha mpira wa zamani ukalinganishe unene wake. Mpira mnene kupita kiasi ni mubaya kama mwembamba: mlango hautafunga, shofere ataubamiza kwa nguvu, na bawaba zitakufa.

Mbele ya kuuweka, safisha ukingo wa bati. Kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke. Mpira uliowekwa juu ya kutu utashika mwaka mmoja tu, nao utaficha kutu isionekane. Anza na umalizie upande wa chini, ili kiungo cha miisho miwili kisiwe juu ambapo mvua inashukia. Usiuvute. Mpira uliovutwa unarudi nyuma kidogo kidogo, na kwenye pembe unakuwa mwembamba. Usukume kwa vidole, ukate ukiwa mrefu kidogo kuliko lazima, kisha ubane miisho pamoja.

Kwa nyufa za mfereji wa paa, mastiki inafaa. Lakini angalia ile unayonunua. Silikoni inayonuka kama siki ina asidi, na ikipakwa juu ya bati tupu inaleta kutu chini yake. Tafuta mastiki ya poliyuretani, ile mafundi wa karoseri wanatumia, na uipake juu ya bati safi na kavu.

Kutunza ni rahisi: maji na sabuni kila wiki, kitambaa laini, kisha gliserini kidogo, ile inayouzwa farmasi. Usipake mafuta ya moteri, grisi, esansi wala mazuti. Siku ya kwanza mpira unang'aa. Nyuma ya miezi unavimba, unalainika na kukatika.

Hesabu ya mfano

Tufanye hesabu ndogo, kila koperative iweke bei yake. Motokari inabeba magunia 20 ya kilo 50. Tuseme mawili ya karibu na mlango yanalowana kila safari, na kuna safari 10 kwa msimu wa mavuno. Ni magunia 20, kilo 1.000. Tena tuseme kwamba kilo hizo hazikutupwa, zilishuka daraja tu, na zikapoteza nusu dola kwa kilo. Ni dola 500. Waulizeni mafundi wa kwenu bei ya mipira ya milango ine, plastiki na kazi ya siku mbili. Hesabu hiyo inafanywa na kila mkulima anayejua kununua jembe.

Tunaomba nini

Haiko lazima kungojea mkutano mkuu wa mwaka. Komite inaweza kukata maneno haya wiki hii.

Moja: mwezi wa 7 ao wa 8 wa kila mwaka, siku moja iwekwe ya kuangalia motokari kwa vumbi, kwa karatasi na kwa maji. Shofere awepo, fundi awepo, na wanamemba wawili wawepo, mama mmoja na baba mmoja, wale wenye kahawa ndani ya magunia.

Mbili: kwenye bajeti kuwe na mstari wa milango na sakafu, hata kama ni mdogo, na makuta hayo yasikopeshwe kwa kazi ingine.

Tatu: kadaftari ka motokari kasomwe mbele ya komite kila mwezi.

Ine: iandikwe kwamba gunia lililopimwa na kupewa risiti likilowana ndani ya motokari, hasara ni ya koperative. Siku sheria hiyo itaandikwa, mutaona komite itatafuta fundi mbio. Mtu hukimbilia kuziba tundu linalovujia mfuko wake.

Mvua haitungojei. Mwezi wa 9 uko karibu, vumbi bado liko kwenye milango, na alama zake bado zinasomeka. Mwambieni shofere asioshe motokari wiki hii. Afungue milango kwanza, muangalie pamoja.